Mizani Ishuke, Damu Isishuke

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti huohuo ulipima damu za wanawake wa rika hilohilo, na 45 katika kila 100 wakaonekana kuwa na upungufu wa damu. Kenya nako, mwaka 2014, theluthi moja ya wanawake wa umri huo walikuwa wamezidi uzito. Takwimu za unene na takwimu za damu huwekwa kwenye kurasa tofauti na kujadiliwa na watu tofauti, wa presha na kisukari huku, wa kliniki ya wajawazito kule, kana kwamba zinahusu wanawake wawili. Si lazima wawe wawili. Wahudumu wa afya wanamfahamu mama wa kilo 90 ambaye ukimfunua kope la chini unakuta weupe, anayepanda ngazi chache akasimama kuvuta pumzi, na ambaye mtaa mzima unamwona ameshiba.

Upungufu wa damu una sababu nyingi, malaria, minyoo na hedhi nzito zikiwemo, wala haifai kuibebesha sahani lawama yote. Lakini mama huyo akiamua kupungua, hufanya yale ambayo wengi wetu hufanya. Asubuhi anaruka chai. Mchana anakula nusu ya alichokuwa anakula. Usiku anakata tango, anakamulia limao, analala. Sasa kama sahani yake ya kila siku ilikuwa na wanga mwingi, mafuta mengi, protini haba na mboga ya kuonja, nusu ya sahani hiyo ina nusu ya zile protini haba na nusu ya ile mboga ya kuonja. Mizani itashuka, ndiyo. Vitashuka pia vitu ambavyo mizani haivioni: madini ya chuma, misuli, nguvu za kufanya kazi, na ile subira ambayo mtu anaihitaji ili aendelee. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba uzito unaopungua ukabaki chini haupatikani kwa kuigawa mara mbili sahani yenye kasoro. Sahani hupangwa upya kwanza, ndipo hupunguzwa. Anayeanza na kupunguza hushindana na mwili wake mwenyewe, na katika shindano hilo mwili una uzoefu mkubwa kuliko yeye.

Ushahidi mzito kuliko wote juu ya jambo hili ulipatikana kwa watu ambao hawakuwa wakitafuta wembamba hata kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kiliwachukua vijana wa kiume 36 waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri zao. Badala ya kwenda vitani walijitolea kukaa na njaa, ili madaktari wajue namna ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliokuwa wakikosa chakula. Aliyeongoza jaribio hilo ni Ancel Keys. Kwa wiki 24 vijana hao walipewa kalori zipatazo 1,570 kwa siku, sehemu kubwa ikiwa viazi, mkate mweusi na makaroni, nyama ikiwa ya kuhesabu, na walitakiwa kutembea kilometa 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Iangalie vizuri namba hiyo, 1,570. Orodha nyingi za "diet" zinazozunguka kwenye simu zetu zina kalori 1,200, nyingine 800. Ni kweli kwamba mwanamke mwenye umbo dogo huhitaji kalori chache kuliko kijana wa kiume, lakini tofauti hiyo haitoshi kuigeuza njaa ikawa shibe.

Yaliyowapata vijana wale yameandikwa kwa kina. Walihisi baridi katikati ya kiangazi. Mapigo ya moyo yalipungua, nywele zikanyonyoka, miguu ikavimba maji, hamu ya mapenzi ikatoweka. Watu waliokuwa wapole walianza kugombana kwa vitu vidogo. Mazungumzo yote yaligeuka kuwa ya chakula. Wengine walisoma vitabu vya mapishi kama watu wanavyosoma riwaya, walilamba sahani, waliuvuta mlo mmoja mpaka ukachukua saa nzima na zaidi. Nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40. Walipofunguliwa kula, baadhi yao walikula mpaka tumbo likauma na bado wakahisi njaa, na mafuta ya mwilini yalirudi haraka kuliko misuli, yakapita hata kiwango cha awali. Keys alichapisha matokeo hayo mwaka 1950. Anayemwambia jirani yake aliyenenepa tena kwamba hana nidhamu angepaswa kwanza kuwafikiria vijana hawa, ambao nidhamu yao iliwafanya wakubali kudharauliwa na nchi nzima kuliko kuvunja dhamiri.

Jambo hilo lilionekana tena mwaka 2016, safari hii kwa watu wanene. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, The Biggest Loser, miaka sita baada ya shindano kwisha. Kwa wiki 30 za shindano walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye kilo 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao bado ilikuwa ikiunguza kalori takriban 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito ule. Mwili haukusahau. Haujui tofauti kati ya ukame na harusi ya mwezi ujao. Unachojua ni kwamba chakula kimekatika, basi unabana matumizi, unapunguza homoni ya shibe inayotolewa na mafuta, leptini, na kuongeza ile ya njaa, grelini.

Hapa kuna ulaghai mmoja ambao hutajirisha watu wengi. Wiki ya kwanza ya kujinyima karibu kila mtu hupoteza kilo mbili tatu, na sehemu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika, maji yanatoka, mizani inashangilia. Ndiyo maana matangazo ya "kilo tano kwa siku saba" hayana haja ya kusema uongo kabisa. Siku ya nane mtu akila ugali, maji yanarudi, na anajilaumu kwamba ameharibu.

Chai za kupunguza kitambi hufanya kazi kwa njia iliyo karibu na hiyo. Nyingi zina sanamaki, dawa ya kuharisha ambayo bibi zetu waliijua vizuri na kuitumia kwa kazi yake halali. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori za chakula zimeshafyonzwa juu, kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvichumvi, potasiamu ikiwemo, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Na kuna baya zaidi ya hilo: katika nchi mbalimbali vyombo vya kudhibiti dawa vimekuta bidhaa zilizoandikwa kuwa za "mitishamba asilia" zikiwa zimechanganywa kisirisiri na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Ukiona chai inaondoa njaa kabisa, jiulize ni jani gani hilo.

Kuna pingamizi la haki ambalo siwezi kulipita. Huko Uingereza, jaribio lililoitwa DiRECT, lililochapishwa mwaka 2017 na timu ya Mike Lean na Roy Taylor, liliwapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili kalori zipatazo 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 hawakuhitaji tena dawa na sukari yao ilikuwa imetoka katika kiwango cha ugonjwa. Baada ya miaka miwili walibaki 36. Matokeo hayo ni makubwa. Basi kujinyima kukali kunafaa? Soma kilichokuwa ndani ya zile kalori 850: vinywaji maalumu vilivyotengenezwa viwe na protini, vitamini na madini kwa kiwango kamili cha siku, muuguzi au mtaalamu wa lishe akifuatilia, dawa za presha na sukari zikirekebishwa na daktari, kisha chakula cha kawaida kikarudishwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa. Nishati ilikatwa; virutubisho havikuguswa. Anayekunywa maji ya ndimu na kuita hiyo "programu" hafanyi walichofanya wale, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akiiga peke yake nyumbani anaweza kuzimia sukari ikishuka.

Twende sasa kwa mama ntilie, maana huko ndiko watu wengi wa Dar es Salaam wanakokula mlo wao mkubwa wa mchana. Saa saba, wali unashindiliwa kwenye bakuli, bakuli linapinduliwa juu ya sahani, kilima kinasimama. Juu yake maharage yenye mchuzi unaong'aa mafuta, pembeni vipande viwili vya nyama visivyozidi dole gumba, mchicha uliopikwa mpaka ukawa mweusi, kijiko kimoja, na kipande chembamba cha tikiti. Ukilinganisha na yale makundi ya vyakula tuliyofundishwa shuleni, hakuna kilichokosekana. Kasoro iko kwenye vipimo. Wali uliopikwa una kalori 130 hivi kwa kila gramu 100, na kilima kile hufika nusu kilo bila taabu, yaani kalori 650 kabla ya kuhesabu mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Soda ya mililita 350 inayosindikiza ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa, nayo peke yake inavuka gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini yake kwa siku akiweza.

Mteja mmoja akasema, "Mama, nipunguzie wali, niongezee maharage na mchicha."

"Utashiba kweli, baba?"

Ana haki ya kuuliza. Katika biashara yake wali ndio unaoshibisha kwa bei ndogo. Ukiomba nyongeza ya wali mara nyingi unapewa bure, ukiomba nyongeza ya nyama unalipia. Ila tufanye hesabu ya ombi la mteja. Wali ukiwa nusu, kalori 325 zimeondoka. Maharage yakiongezwa mara mbili, tuseme kutoka gramu 100 hadi 200, kalori 130 zimerudi. Maji badala ya soda yanaondoa 150 nyingine. Jumla, mlo umepungua kalori 345 hivi, protini zimepanda kidogo badala ya kushuka, na nyuzinyuzi zimekaribia kuwa mara mbili. Atashiba, na huenda akashiba kwa muda mrefu kuliko jana, kwa kuwa protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni. Akiendelea hivyo siku nyingi za wiki bila kufidia usiku, mwaka utamwondolea kilo kadhaa. Hakuna atakayepiga picha kumtangaza, lakini hajapitia njaa ya Minnesota.

Ushahidi wa watafiti unakubaliana na mteja huyu kuliko na walimu wa mtandaoni. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford alitangaza matokeo ya utafiti wa watu 609 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mzima, wengine wakipunguza mafuta, wengine wakipunguza wanga. Wa mafuta walipoteza wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito kitaalamu. Ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua kilo zaidi ya 20 na wengine walioongezeka. Vinasaba havikuweza kutabiri nani atafaulu na mlo upi. Makundi yote mawili yalipewa maelekezo ya msingi yanayofanana: kuleni mboga kwa wingi, punguzeni sukari na unga mweupe, acheni vyakula vya viwandani, pikeni nyumbani. Hakuna aliyeambiwa ahesabu kalori. Ugomvi wa kama wanga ndio adui au mafuta ndiyo adui umekula muda mwingi kuliko unavyostahili.

Kevin Hall, yuleyule, alilipima jambo la viwandani mwaka 2019. Watu 20 walikaa ndani ya hospitali ya utafiti ya Marekani kwa wiki nne, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa mno, wiki mbili wakila vyakula vilivyopikwa kutoka malighafi ya kawaida. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na protini, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Kwenye vyakula vya viwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye vya kawaida walipungua karibu kilo moja. Sisi bado tuna nafasi ambayo wenzetu wameipoteza: jikoni mwetu chakula cha malighafi ndicho cha kawaida, na biskuti, soseji na tambi za dakika mbili ndivyo vinavyobisha hodi. Mlango haujafunguliwa wote, ingawa ukipita mbele ya shule yoyote ya mjini saa nne asubuhi utaona kwamba umeshafunguliwa nusu.

Protini ndilo eneo ambalo wanaopungua hukosea zaidi. Katika kila kilo nne zinazopotea kwa kujinyima tu, takriban moja si mafuta, na sehemu yake ni misuli. Misuli hula nishati hata ukiwa umelala, kwa hiyo anayeipoteza anajipunguzia uwezo wa kula bila kunenepa. Wataalamu wengi hushauri anayepungua apate gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito unaomfaa, au zaidi kidogo. Mwanamke anayehitaji gramu 80 kwa siku anaweza kuzipata hivi: mayai mawili asubuhi, kikombe cha maharage mchana, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja jioni, kikombe cha mtindi na kiganja cha dagaa wakavu mahali popote katikati. Hakuna unga wa kopo hapo wala kifua cha kuku cha kuchemsha kisicho na chumvi.

Dagaa wanastahili heshima zaidi ya wanayopewa. Awe wa Kigoma au wa Mwanza, dagaa mkavu zaidi ya nusu yake ni protini, na kwa kuwa analiwa mzima na mifupa yake, kalsiamu yake huwezi kuipata kwenye minofu ya samaki mkubwa wa bei ghali. Nimesikia watu wakimwita chakula cha kuku. Kuku ana bahati. Wakaangwe kwa mafuta ya kijiko, nyanya na kitunguu, waliwe na matembele au kisamvu, na sahani hiyo itamfanyia anayepungua kazi ambayo vidonge vya duka la dawa havitaifanya vizuri hivyo.

Madini ya chuma yana ujanja wake. Yaliyomo kwenye maini, nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi. Yaliyomo kwenye mchicha na maharage hufyonzwa kwa shida, lakini limao, chungwa, pera au kachumbari ya nyanya katika mlo uleule huyasaidia sana. Chai na kahawa huyazuia. Desturi yetu ya kusindikiza chakula na kikombe cha chai ya rangi humnyima mama mwenye damu pungufu sehemu ya chuma alichokilipia sokoni. Asiiache chai, aisogeze mbele saa moja au mbili baada ya kula. Ushauri huu hauna gharama yoyote, na sijui kwa nini haubandikwi kwenye ukuta wa kila kliniki.

Juu ya dona na sembe yamesemwa mengi, mengine kwa shauku iliyopitiliza. Kukoboa mahindi huondoa kiini na pumba, na pamoja navyo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini. Dona ni bora, hilo halina ubishi. Ila kalori za dona na sembe zinakaribiana, kwa hiyo tonge kubwa la dona bado ni tonge kubwa, na aliyehamia dona akaongeza kipimo kwa kuwa "ni ya afya" atanenepa kwa afya. La pili, mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na anayesaga dona anabaki na pumba ambamo sumu hiyo hujikusanya zaidi. Chagua mahindi makavu, yasiyo na punje zilizooza au kubadilika rangi, ndipo uende mashineni.

Kwa watu wa pwani na Waislamu kwa jumla swali la kufunga huja lenyewe. Wengi hutarajia Ramadhani iwapunguze. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha wastani wa kupungua ni kilo moja hivi, na hurudi wiki chache baada ya Idi. Anayeijua futari ya Zanzibar, magimbi ya nazi, tambi za sukari, kaimati zinazochuruzika shira, hatashangaa. Ibada ina malengo yake mengine, na si haki kuidai kazi ya mizani. Kufunga kwa saa kadhaa kila siku nje ya ibada, kunakosifiwa sana siku hizi, humsaidia anayekula kidogo kwa sababu muda ni mfupi. Asiyekula kidogo hakumsaidii kitu.

Mazoezi nayo yamepewa sifa isiyo yake na kunyimwa iliyo yake. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati inayotumiwa na Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wanaume wao hutembea zaidi ya kilometa 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Ungetarajia waunguze kalori kupita kiasi. Lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Mwili hupanga bajeti: unachotumia kutembea unakibana kwingine. Kwa hiyo anayekimbia ufukwe wa Coco kila Jumamosi kisha akasimama kwenye chipsi mayai, ambayo sahani moja hupita kalori 700, hajapata faida ya mizani. Hata hivyo wale wa shindano la televisheni waliofaulu zaidi kuzuia uzito usirudi walikuwa ndio walioongeza mazoezi zaidi, na katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformin ilipunguza kwa 31. Chakula kinapunguza, mwendo unalinda kilichopungua.

Asilimia 7 ya mwanamke wa kilo 80 ni kilo tano na nusu hivi. Nirudie kwa sababu ya wale wanaotaka kilo 25 kabla ya send-off: kilo tano na nusu. Ushindi huo unaonekana kwenye kipimo cha sukari kabla haujaonekana kwenye gauni.

Kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito, zile za semaglutide, zinafanya kazi, na kubeza si sayansi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliozitumia kwa wiki 68 walipoteza wastani wa asilimia 15 ya uzito. Walioacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Ni dawa ya muda mrefu, ya gharama, inayotakiwa kusimamiwa na daktari. Kununua kwa mtu wa mtandaoni ambaye hujui sindano yake imekaa kwenye jua la uwanja gani ni kucheza na uhai. Na kwa kuwa huondoa hamu ya kula, anayezitumia analazimika kuwa makini zaidi na protini na madini, kwa kuwa kile kidogo anachokula ndicho chote anachopata.

Kikwazo kikubwa kilichobaki hakiko mwilini. Mwanamke wa kwetu hapiki chakula chake. Anapika chakula cha nyumba, kwa pesa aliyoachiwa asubuhi, na akijipikia sufuria yake pembeni ataulizwa anamwogopa nani. Ndugu wakimwona amepungua watanong'ona kwamba anaumwa, kwa sababu tuliishi miaka ya 1990 tukizika watu waliokonda kwa UKIMWI, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Mume akiota kitambi husifiwa kwamba mambo yake yamenyooka. Kwa hiyo mpango wowote unaomtaka mtu mmoja ale chakula cha peke yake hautafika mwezi wa tatu. Kinachodumu ni kubadilisha sufuria ya wote: mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu, mboga za majani ziwe mbili, maharage au dagaa yawepo kila siku, ugali ukatwe mdogo na mboga ijaze nafasi. Watoto hawatadhurika, kwani hicho ndicho chakula chao pia. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasiwekwe kwenye kupunguza uzito bila mtaalamu, hata kama shangazi ameona mtandaoni kwamba inawezekana.

Na kliniki zetu zina deni. Mgonjwa wa presha huambiwa "punguza uzito, punguza chumvi, fanya mazoezi" wakati mlango umeshafunguliwa kwa anayefuata, kisha akirudi hajapungua anagombezwa. Tanzania ina maafisa lishe katika halmashauri zake, watu waliosomea kazi hii, na wananchi wengi hawajui kwamba wapo. Ukienda hospitali ya wilaya kwa sababu ya uzito, omba kumwona afisa lishe kabla hujaandikiwa kitu chochote. Omba upimwe wingi wa damu pamoja na sukari na presha, na umweleze afisa huyo unachokula kweli, andazi la saa nne likiwemo.